Ufunguo wa Wete

Mize alishona kimfuko cha kanga kwa ajili ya ufunguo,
nami nikamcheka: chuma cheusi, kinanuka mafuta ya nazi,
nani atakiiba?
Hakujibu. Akapanda nyuma ya Vespa kiubavu,
kama anavyopanda tangu harusi,
mkono mmoja kiunoni mwangu, wa pili kifuani pake.

Tulitoka Mtambile umande haujakauka.
Chake tukala mkate wa kumimina, chai ya tangawizi,
kisha kilima, na baada ya kilima, kilima.
Pemba haijui tambarare:
barabara inapanda kwa kuguna, inashuka kwa dua.
Majamvi ya karafuu yamemeza nusu ya lami,
nikichelewa kuyakwepa ananifinya:
"Usikanyage jasho la watu, Faki."

Mpaka wa mkoa ni kibao kimoja kilichoinama.
Huku Kusini, kule Kaskazini,
mbuzi amelala katikati, haulizwi kitambulisho.
Hapo hapo mafuta yakatuishia.

Nikasukuma. Na yeye akasukuma, viatu mkononi,
na ndipo, baina ya pumzi na pumzi,
akanieleza asichonieleza miaka kumi na tisa:

kwamba mama yake alikuwa mfagiaji wa hekalu la Wahindi, Wete,
kila alfajiri isipokuwa Ijumaa;
alisugua taa za shaba kwa ndimu na jivu,
alimjua kila sanamu kwa jina,
na sala zake tano hazikumpita hata moja.
Kwamba siku Bi Kamla na mumewe walipopanda meli,
masanduku mawili na cherehani,
Bi Kamla alimfumba vidole juu ya ufunguo:
"Nitunzie, Time. Tutarudi baada ya mvua."

Mvua gani, hakusema.
Mama akahesabu masika, akahesabu vuli,
akaacha kuhesabu, akaanza kutusahau majina,
mimi akiniita Mbarouk, sijui Mbarouk ni nani;
lakini kila mwezi ukiandama
ufunguo aliupaka mafuta kama mtoto aliyekoga.
Mwaka huu, mwezi wa Mfunguo Tatu, akasema neno la mwisho,
nasi tukadhani anataka dirisha:
"Kafungueni."

Kijana mmoja akatuuzia petroli kwenye chupa ya maji.

Wete, nyuma ya maduka, chokaa imebabuka,
mrehani umejiotea kizingitini, haukupandwa na mtu.
Fundi baiskeli ametundika matairi ukutani.
Mize akatoa ufunguo. Fundi akautazama,
akatutazama, akafuta mikono kwa tambara.
"Mlango wenyewe ulishaliwa na mchwa, dada.
Hili ni bati tu."
Akalisukuma kwa mguu.

Nilingoja alie. Nilikuwa nimeshatoa leso.

Ndani: shubaka tupu, vigae vya rangi ya maziwa,
na juu ukutani weusi wa moshi,
madoa mviringo, moja kwa kila taa.
Mize akayahesabu kwa kidole. Tisa.
"Alisema tisa," akasema.
Akaomba ufagio.
Fundi akacheka, kisha akaacha kucheka,
akauleta. Mimi nikabeba matairi,
nikayahamisha kila alipofika,
gurudumu moja begani, jingine shingoni kama kitanzi,
na mke wangu akafagia kutoka shubaka hadi mlangoni,
taratibu, kwa mkono ambao haukuwa wake.

Wakati wa kuaga fundi akasema karibuni tena.
"Tutarudi baada ya mvua," akajibu Mize,
na papo hapo akaziba mdomo kwa kiganja.

Kurudi, pale mpakani, mbuzi hayupo.
Kibao kimeinama vile vile.
Nilimuuliza mbona hakuuacha.
"Nimwachie nani? Bati?"
Giza likatukuta Chake, taa ya Vespa inakonyeza,
na kila shimo la barabara
ufunguo ukinigonga mgongoni.